Kituo cha Juu

Kutoka chini hadi kwangu ni dakika kumi na moja.
Msokoto mmoja huisha hapo katikati,
kama hamwongei sana.

Mimi ni wa kituo cha juu: mimi huwapokea.
Kazi yangu ni kufagia theluji, kutazama magoti,
kusema "inua chuma, simama, teleza,"
na kutonusa.
Hilo la mwisho halimo kwenye mkataba.

Pafukapo moshi, walisema, pana moto.
Hapa pafukapo moshi pana daktari wa meno kutoka Omaha,
glavu zake bei ya kodi yangu ya mwezi,
macho mekundu nyuma ya miwani ya rangi ya asali.
Ananitakia siku njema.
Hatua tatu mbele anageuka, ananitakia tena.
Nami namjibu tena. Adabu haipungui kwa kurudiwa.

Kuna kibanda kati ya misonobari,
hakimo kwenye ramani, kila mtu anakijua.
Anselm wa doria, msalaba mweupe mgongoni,
hukohoa mita hamsini kabla ya kukifikia
ili waliomo wapate muda
wa kuanza kuzungumzia hali ya hewa.

Mjini, duka lina mlango wa kioo na risiti.
Binti wa aproni ya kijani anauliza:
unataka kucheka au kulala?
Lakini mlima ni wa serikali kuu,
na serikali kuu bado haijacheka.
Sheria hubadilika penye uzio wa maegesho;
theluji haijaambiwa,
ni ileile huku na huku.

Mwaka wa themanini na tatu kaka yangu Royce
alikutwa na bangi ya kujaza kisanduku cha kiberiti.
Miezi kumi na minne.
Alitoka amepungukiwa meno mawili,
na hadi leo haingii mahali
penye mlango unaojifunga wenyewe.
Yeye ndiye aliyenifundisha kuteleza,
juu ya sinia tuliyoiiba hotelini,
kwenye mteremko huuhuu, kabla ya nguzo.
Sasa anauza matairi Pueblo.
Daktari alimwandikia matone ya jani lilelile
kwa ajili ya goti. Chupa iko dirishani,
haijafunguliwa.

Sisemi wafungwe. Mungu apishe mbali.
Nasema tu kwamba nanusa.

Jana, kiti namba arobaini na moja,
kijana wa miaka ishirini alisahau kushuka.
Alikuwa akitazama chembe ya theluji kwenye mkono wake
kama mtu asomaye barua.
Akapita alama, akagonga kamba ya usalama,
mlima mzima ukasimama:
watu mia mbili wakaning'inia kwenye baridi,
mtoto mmoja akilia mahali nisipoweza kupaona.
Tukamshusha. Alikuwa akituomba radhi huku akicheka,
kisha akituomba radhi kwa kucheka.
Anselm akakohoa. Akauchukua ule msokoto,
akauzika kwa kisigino cha kiatu,
akamwambia: nenda ukanywe supu.

Supu.

Kwenye daftari kuna mstari: sababu ya kusimama.
Anselm akanitazama. Wino ulikuwa umeganda,
nikaupasha kalamu kwapani.
Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya.
Nikaandika: upepo.
Herufi tano, sawa na jina la kaka yangu,
na zilinichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Usiku nilimpigia simu.
Akauliza, theluji ipo?
Nikasema ipo, hadi magotini.
Nikamsikia akiinuka kwenda kufungua dirisha,
kana kwamba Pueblo ingeweza kuonekana kutoka huku,
au huku kutoka kule.